HPV na VVU si kitu kimoja, ila vikikutana kwenye mwili mmoja kuna mambo lazima uyajue

Juzi dada mmoja ninayemfahamu alinitumia ujumbe saa nne usiku, herufi kubwa tupu. Anaishi na VVU mwaka wa tisa huu, dawa anameza kila siku haruki, na kila akipimwa wingi wa virusi anaambiwa havionekani. Safari hii kliniki walimwambia apime na shingo ya kizazi, akapima, majibu yametoka karatasi imeandikwa HPV chanya. Akaniuliza, "Ina maana dawa zimegoma? Au virusi vyangu vimegeuka vimekuwa aina nyingine?"

Nikamwambia hapana dada, dawa hazijagoma na virusi vyako havijageuka chochote. Lakini kumweleza hadi akaelewa ilituchukua karibu saa nzima ya kuandikiana, na baadaye nikakaa nikafikiri, hili swali si lake peke yake. Kuna wanaodhani HPV ni jina jingine la VVU, kuna wanaodhani ni hatua ya mbele ya VVU, kuna wanaosoma HPV chanya wanaanza kuaga watoto wakijua tayari ni kansa, na kuna ndoa zimevunjika kwa sababu ya karatasi hiyo moja ambayo hakuna aliyekaa na hao watu akawaeleza inasema nini na haisemi nini. Kwa hiyo leo naandika taratibu, kuanzia chini kabisa.

Majina yanafanana, tabia hazifanani

VVU, ambavyo kwa kifupi cha kizungu ndo HIV, ni virusi vinavyoingia kwenye damu na kuwinda seli za kinga zinazoitwa CD4. Hizo CD4 ndo zinazotoa amri kwa kinga yote ya mwili, zikipungua hata magonjwa madogo yanapata nguvu. Dawa za ARV kazi yake ni kuzuia VVU visizaliane, basi. Hazina kazi nyingine.

HPV ni ukoo mwingine kabisa wa virusi, virusi vya papiloma. Hivi haviingii kwenye damu. Vinakaa kwenye ngozi na kwenye ule utando laini wa ndani, yaani shingo ya kizazi, uke, uume, njia ya haja kubwa, mdomoni na kooni. Hapa naomba usimame kidogo maana ndo penye mzizi wa mkanganyiko wote: kwa sababu haviko kwenye damu, unaweza kupimwa damu mara mia na hakuna hata mara moja damu hiyo itakupa habari za HPV. Kipimo cha wingi wa virusi kinahesabu VVU tu. Ukiambiwa havionekani ujue vilivyotafutwa ni VVU, HPV haikutafutwa kabisa siku hiyo.

Na ile habari nzuri ambayo watu wameielewa vizuri miaka hii, kwamba ambaye virusi vyake havionekani hamwambukizi mwenzake kwa ngono, ni kweli kabisa, ila ni kweli kwa VVU. HPV haihusiki na ahadi hiyo. Nimeona watu wanazichanganya hizi mbili, mtu anasema mimi niko safi sina cha kuambukiza wala cha kuogopa, shingo ya kizazi haijaangaliwa tangu azaliwe.

Ukoo wa HPV una aina zaidi ya 200 na zimepewa namba badala ya majina. Nyingi hazina madhara ya maana. Aina ya 6 na ya 11 ndo zinaleta masundosundo, vile vinyama vinavyoota sehemu za siri, kiasi cha asilimia 90 ya masundosundo yote ni hao wawili. Halafu kuna kundi la aina kama 14 hivi za hatari, zinazoweza kuleta saratani, na humo 16 na 18 peke yake zinabeba karibu asilimia 70 ya saratani zote za shingo ya kizazi. Ukiangalia vizuri utaona kwamba zinazoota vinyama na zinazoleta saratani ni aina tofauti. Kwa hiyo mwenye masundosundo anayelia kwamba ana kansa anajitesa bure kwa hilo, na mwenye ngozi laini isiyo na hata kipele anayejiona salama naye hana ushahidi wowote, maana aina za hatari hazioti kitu cha kuonekana kwa macho. Kibaya mtu mmoja anaweza kuwa na aina mbili tatu kwa mpigo, na kwa wanaoishi na VVU hilo ni la kawaida sana.

Kuna kitu kimoja huwa kinanigusa kwenye historia ya hivi virusi. Mwaka 1983 Harald zur Hausen na wenzake kule Ujerumani waliipata HPV 16 ndani ya saratani ya shingo ya kizazi. Mwaka huo huo 1983, Ufaransa, Françoise Barré-Sinoussi na Luc Montagnier wakachapisha ugunduzi wa virusi tunavyoviita leo VVU. Ilipofika 2008 watu hawa watatu waligawiwa Nobel ya tiba ya mwaka mmoja, nusu kwa ajili ya HPV nusu kwa ajili ya VVU. Virusi viwili tofauti vilivyojulikana mwaka mmoja, na bahati mbaya kwenye miili ya wanawake wengi vinaishi pamoja.

Mgeni asiyeondoka

HPV yenyewe kuipata si ajabu. Karibu kila mtu aliyewahi kufanya ngono anaipata wakati fulani wa maisha yake, wengi bila kujua, na wengi inaondoka yenyewe. Kwa mtu mwenye kinga nzima, kama maambukizi 9 kati ya 10 yanaondolewa na mwili ndani ya miaka miwili. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, na kinga nzima inafanya hivyo hivyo, inamvumilia mgeni kwa muda kisha inamtoa. Saratani hailetwi na mgeni aliyepita. Inaletwa na yule aliyekaa miaka, hakuna aliyemgusa.

Akikaa anafanya nini? Hapa nitatumia mfano wa fotokopi. Seli za mwili zinajinakili kila siku, na kwenye kunakili makosa hutokea, herufi inaruka, mstari unakosekana. Ndani ya kila seli kuna wakaguzi, wakiona nakala imeharibika wanasimamisha mashine, irekebishwe, ikishindikana itupwe. HPV za hatari zina protini mbili, zinaitwa E6 na E7, na kazi yake ni kuwaondoa hao wakaguzi. Mmoja anaharibiwa kabisa, mwingine anafungwa mikono. Mashine inaendelea kutoa nakala, nakala mbovu inanakiliwa tena, ikitoka mbovu zaidi nayo inanakiliwa, hivyo hivyo mwaka baada ya mwaka mpaka unapata tabaka la seli zisizojua kuacha kuzaliana. Kabla halijawa saratani linaitwa mabadiliko ya awali, na ndo hatua ambayo ukilikuta unaliondoa kwa dakika chache mgonjwa anarudi nyumbani kwa miguu yake.

Sasa ingiza VVU kwenye hiyo picha. HPV ni mjanja, inakaa kwenye tabaka za juu za ngozi, haiui seli kwa kelele, haileti homa wala usaha, kwa hiyo hata kinga iliyo nzima inachelewa kuistukia. Kinga iliyopungukiwa CD4 ndo inachelewa zaidi, na ikiistukia haina nguvu ya kuitoa. Matokeo yake mtu anayeishi na VVU anaipata HPV kirahisi zaidi, ikiingia inang'ang'ania zaidi, mabadiliko ya awali yanatokea mara nyingi zaidi, yanasogea haraka zaidi, na hata yakitibiwa yana tabia ya kurudi. Kwa mwanamke mwenye kinga nzima safari ya kutoka seli mbovu hadi saratani inachukua kama miaka 15 hadi 20. Kinga ikiwa dhaifu na haijatibiwa inaweza kuwa miaka 5 hadi 10. Kwa hesabu za Shirika la Afya Duniani, mwanamke anayeishi na VVU yuko kwenye hatari ya kupata saratani ya shingo ya kizazi mara 6 ukimlinganisha na asiye na VVU.

Mara 6 inatisha najua, yule dada nilipomtajia alikaa kimya dakika kadhaa hajibu. Lakini hatari si hukumu. Wanawake wengi sana wenye VVU na wenye HPV hawatapata saratani kamwe. Hiyo namba inachosema ni kwamba wewe huna ile anasa ya kusubiri ambayo mwingine anayo. Yeye akichelewa kupima miaka kumi anaweza kupona kwa bahati, wewe miaka kumi hiyo ndo safari nzima.

Na ARV je? Zinasaidia, tena sana, ila kwa kupitia mlango wa nyuma. Haziui HPV, hazijatengenezwa kwa ajili yake. Zinachofanya ni kuvishika VVU, CD4 zinapanda, kinga inarudisha nguvu ya kumtoa yule mgeni. Tafiti zimeonyesha HPV za hatari zinapungua kwa wanawake walio kwenye dawa, mabadiliko yao ya awali yanasogea taratibu na mengine yanarudi nyuma yenyewe, na saratani inapungua. Aliyeanza dawa mapema kabla CD4 hazijaanguka anafaidika kuliko aliyeanza akiwa hoi. Kwa hiyo yule anayesema kama ARV haziui HPV basi nazimeza za nini, jibu ni kwamba bila hizo ungekuwa pabaya mara nyingi zaidi. Ila hata ukimeza vizuri miaka yote hatari haishuki ikawa sawa kabisa na ya asiye na VVU. Dawa na kipimo cha shingo ya kizazi vinatembea pamoja, kimoja hakichukui nafasi ya kingine.

Kuna upande wa pili wa habari hii ambao hausemwi sana. HPV nayo inamfungulia VVU mlango. Penye maambukizi ya HPV mwili unapeleka askari, na askari hao ndo seli zile zile VVU vinazozitafuta, juu ya hapo utando unakuwa umedhoofika. Tafiti zilizounganishwa pamoja zinaonyesha mwanamke asiye na VVU akiwa na HPV uwezekano wake wa kupata VVU unakaribia mara mbili. Vinabebana kwa pande zote.

Si shingo ya kizazi tu, na si wanawake tu

Kwa nini shingo ya kizazi hasa? Kwa sababu pale kuna mshono. Ngozi ngumu ya uke inakutana na utando laini wa ndani ya kizazi, na kama nguo inavyochanikia kwenye mshono, seli za pale kwenye makutano ndo rahisi kuingiliwa. Njia ya haja kubwa nayo ina mshono wa namna hiyo hiyo. Ndo maana HPV inaleta saratani pale pia, na kati ya wanaoishi na VVU saratani hiyo iko juu mno ukilinganisha na watu wengine, zaidi kwa wanaume wanaofanya ngono na wanaume, lakini pia kwa wanaume wengine na kwa wanawake, hata ambao hawajawahi kufanya ngono kwa njia hiyo, maana virusi vinasambaa kwa ngozi kugusana na hizo sehemu ni majirani. Mwaka 2022 yalitoka majibu ya utafiti wa Marekani unaoitwa ANCHOR, ulihusisha zaidi ya watu 4,400 wanaoishi na VVU wenye umri wa miaka 35 kwenda juu, ukaonyesha kwamba kutibu mabadiliko ya awali ya njia ya haja kubwa kunapunguza saratani hiyo kwa asilimia 57. Kabla ya hapo madaktari wengi walikuwa wanayaangalia tu. Kwa hiyo ndugu yangu kama unatoka damu wakati wa haja kubwa, una uvimbe, una muwasho au maumivu yasiyoisha, usijitangazie bawasiri ukanunua dawa ya kupaka ukanyamaza. Aibu ya kuangaliwa pale inaisha siku hiyo hiyo.

Wanaume wanapata pia saratani ya uume na ya koo kutokana na HPV, si kwa wingi huo ila zipo. Na masundosundo kwa mwenye CD4 za chini yanaweza kuwa makubwa, mengi, yanatibiwa yanarudi, mpaka mtu anakata tamaa. Hayaui lakini yanamnyima mtu raha ya mwili wake mwenyewe, na wapo waliojichoma kwa asidi na dawa za ajabu wakabaki na vidonda vibaya kuliko vinyama vilivyokuwepo. Yanatibika kliniki, yanahitaji uvumilivu, na kadiri kinga inavyopanda ndo yanavyopungua kurudi.

Swali la pili la yule dada lilikuwa la mume. "Nitamwambiaje, atasema nimetoka nje, au yeye ndo katoka?" Hili nalisema kwa uzito wote: HPV chanya haionyeshi umeipata lini wala kwa nani. Inaweza kukaa kimya mwilini miaka mingi sana, imeshuka chini ya kiwango cha kuonekana, halafu kinga ikitetereka inaibuka tena. Mtu anaweza kuipata akiwa na miaka 20 kwa uhusiano wa zamani, ikaonekana akiwa na miaka 38 ndani ya ndoa isiyo na doa. Kwa anayeishi na VVU huko kuibuka upya ni jambo la kutarajiwa kabisa. Anayetumia karatasi ya HPV kama ushahidi wa usaliti anamhukumu mtu kwa kitu ambacho karatasi haikusema. Na kondomu? Zinapunguza, tena zitumieni, ila hazizibi kila kitu kwa sababu HPV iko hata kwenye ngozi ambayo kondomu haifuniki.

Kipimo chenyewe

Wengi wanakimbia kwa sababu hawajui kinachofanyika, basi nieleze.

Kipimo kinachopendekezwa zaidi sasa hivi kinatafuta vinasaba vya HPV, na sampuli unaweza kuchukua mwenyewe. Unapewa kijiti kirefu chenye pamba au brashi laini mwishoni, unaingia chooni au nyuma ya pazia, unakiingiza ukeni taratibu mpaka uhisi kimegota, unakizungusha mara kadhaa, unakitoa unakitia kwenye kichupa chake. Umemaliza, hakuna aliyekuona. Yule dada alinisimulia alikaa wiki mbili akiogopa kitu kilichochukua dakika moja na nusu.

Kingine ni kuangaliwa kwa asidi ya siki. Unalala, miguu imekunjwa, muuguzi anatumia kifaa chenye umbo la mdomo wa bata kufungua uke aone shingo ya kizazi. Kina ubaridi, utahisi kinakubana, na ukivuta pumzi ndefu ukalegeza mapaja kinaingia kwa urahisi. Anapaka pamba yenye asidi ya siki ya asilimia 3 hadi 5, anasubiri dakika moja, anawasha taa. Shingo nzima ni ya rangi ya waridi, seli zilizoharibika zinageuka nyeupe, doa lenye mipaka kama tone la chokaa. Utasikia kuchonyota kidogo, basi. Kipo na kile cha zamani cha Pap, kilichopewa jina la daktari George Papanicolaou, ambapo seli zinakwanguliwa zinapelekwa maabara kuangaliwa kwa darubini.

Mapendekezo ya Shirika la Afya Duniani yanatofautisha makundi mawili na hapa watu wanaoishi na VVU wanapotezwa sana na matangazo ya jumla. Mwanamke asiye na VVU anaanza kupima akiwa na miaka 30, na kwa kipimo cha vinasaba anarudia kila miaka 5 hadi 10. Anayeishi na VVU anaanza na miaka 25 na anarudia kila miaka 3 hadi 5. Kwa hiyo ukisikia tangazo linasema miaka 30 na wewe una 26 unaishi na VVU, ujue limekuruka.

HPV ikionekana, haina maana unakimbizwa kukatwa. Kwa sababu wanaoishi na VVU wengi wana HPV, akitibiwa kila mwenye chanya watatibiwa wengi wasio na tatizo. Hivyo kinafuata kipimo cha pili, mara nyingi huko kuangaliwa kwa siki au kwa kifaa cha kukuza, kuona kama kuna seli zilizoharibika. Hakuna? Unarudi baada ya miezi 12. Zipo? Zinaondolewa kwa kuunguzwa na ncha yenye joto kwa sekunde chache, au kwa kugandishwa na baridi kali, au eneo likiwa kubwa linakatwa kwa waya mwembamba wenye umeme. Kizazi hakitolewi, na kwa walio wengi uwezo wa kushika mimba unabaki. Kama ni saratani tayari, matibabu yapo pia, na kuishi na VVU si sababu ya mtu kunyimwa upasuaji, mionzi wala dawa za saratani.

Baada ya kutibiwa kunakuwa na kidonda, unatoka majimaji kwa wiki kadhaa, na unashauriwa usifanye ngono kwa kama wiki 4 hadi 6. Kwa mwenye VVU sababu ni mbili, kidonda kipone, na pia kwa kipindi hicho kidonda kinaweza kuachia VVU zaidi, hasa kama wingi wa virusi haujashuka. Ikishindikana kabisa basi kondomu kila mara. Halafu unarudi kupimwa baada ya miezi 12, ukiwa hasi unapimwa tena baada ya miezi mingine 12, ndo unarejea kwenye ratiba ya kawaida. Wengi wanapotelea hapa, wametibiwa wanajiona wamemaliza, na kumbe kwao ndo kurudi kwa ugonjwa kuko juu.

Dalili usizisubiri, maana hatua ya awali haina dalili hata moja. Kutoka damu baada ya tendo, damu katikati ya mwezi au baada ya kukoma hedhi, uchafu wenye harufu kali usiokoma, maumivu ya nyonga na kiuno, hayo mara nyingi yanakuja seli zimeshavuka mstari. Ukiwa nayo nenda leo. Na zile dawa za kuosha na kusafisha kizazi zinazouzwa mitandaoni hazitoi HPV, zinachubua ule utando ambao ndo ulinzi wako wa mwisho. Sigara nayo inaipa HPV nguvu ya kukaa, kwa hiyo kama unavuta hapo pana kitu cha kupunguza kwa mkono wako mwenyewe.

Swali lake la tatu lilikuwa la binti yake, ana miaka 11, hana VVU, shuleni wametangaza chanjo na kwenye magrupu watu wanasema inaharibu kizazi na kwamba wanapandikiziwa virusi. Chanjo ya HPV haina kirusi kizima ndani yake. Kinachotumika ni ganda tupu la nje lililotengenezwa maabara, halina vinasaba, haliwezi kuzaliana wala kuleta ugonjwa, kazi yake ni kuionyesha kinga sura ya adui kabla hajafika. Imeanza kutumika 2006, mamilioni ya mabinti wamechanjwa, na haijaonekana kuleta ugumba. Kinacholeta ugumba ni saratani yenyewe na matibabu yake. Mwaka 2022 peke yake wanawake kama 660,000 duniani walikutwa na saratani ya shingo ya kizazi na kama 350,000 walifariki.

Inafanya kazi vizuri zaidi kabla mtu hajaanza ngono, ndo maana walengwa ni wa miaka 9 hadi 14. Haifukuzi HPV iliyokwisha kuingia, kwa hiyo mtu mzima aliyechanjwa bado anapima. Tangu Desemba 2022 Shirika la Afya Duniani linakubali dozi moja au mbili kwa mabinti hao, na nchi nyingi zimehamia dozi moja. Binti yake dozi moja ya shuleni inamtosha. Lakini binti anayeishi na VVU, aliyezaliwa navyo au aliyevipata baadaye, dozi moja haihesabiki kuwa imetosha. Yeye anatakiwa angalau mbili, na ikiwezekana tatu. Chanjo ni salama kwake, kinga yake inahitaji tu kukumbushwa zaidi. Shida inakuja pale kampeni inapopita shuleni, wote wanachomwa mara moja, mwalimu hajui hali ya mtoto na hatakiwi kujua, mzazi anaona kadi imegongwa muhuri anadhani imekwisha. Mzazi au mlezi mwenye mtoto wa hivyo aibebe hiyo kadi aipeleke kliniki anakochukulia dawa, aulize dozi ya pili na ya tatu ni lini.

Yule dada kipimo chake cha pili kilifanyika Alhamisi. Siki ilipakwa, dakika ikapita, hakuna kilichogeuka cheupe. Amepewa tarehe ya mwakani, na mume alikuwa amekaa nje kwenye benchi akimsubiri.